Nyumba Itabaki na Nani Tukienda Rombo?

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Ninaishi na mume wangu Goba, Dar es Salaam, katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka 7 na kuhamia kabla haijapakwa rangi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, tunakusudia kwenda Rombo, Kilimanjaro, sote kwa sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya, kwa sababu mama mkwe amezeeka na ameomba akae na wajukuu wake kwa siku nyingi, wasipite tu kumsalimu na kuondoka. Tutaondoka kwa gari letu tarehe 14 Desemba na kurudi tarehe 5 Januari, kwa hiyo nyumba itakaa usiku 22 bila sisi. Safari yenyewe naifurahia, lakini kadiri siku zinavyokaribia ndivyo ninavyokosa usingizi.

Mwezi Agosti nyumba ya tatu kutoka kwetu iliibiwa wakati wenyewe wamekwenda harusini Tanga. Wizi huo haukufanyika usiku. Saa 9 alasiri gari dogo la Kirikuu lilisimama getini, vijana wawili wakapakia televisheni, mtungi wa gesi, pampu ya maji, magodoro na cherehani, kisha wakarudishia geti vizuri na kuondoka. Watu waliwaona. Mama wa genge aliwasalimia nao wakaitikia. Kila mtu alidhani jirani yetu anahama.

Nyumba yetu ina ukuta, geti la chuma na nondo katika madirisha yote. Tuna mlinzi ambaye tunamlipa kwa kuchanga nyumba tatu, lakini ameomba ruhusa ya kwenda kwao Singida kuanzia tarehe 22, nami sina moyo wa kumkatalia kwa kuwa hajawaona watoto wake tangu Pasaka. Mume wangu anapendekeza kijana wa kaka yake, mwenye umri wa miaka 22, anayesoma chuo hapa mjini, aje akae. Kijana huyo ana adabu, ila ana marafiki wengi mno. Siku moja alipokuwa amebaki nyumbani tulirudi kutoka msibani tukakuta vijana sita sebuleni, na mume wangu hakumfahamu hata mmoja wao. Nikilitaja jambo hilo ninaonekana nawachukia ndugu zake.

Kuna mengine mawili yanayonisumbua. Dada wa kazi aliyeondoka Septemba hakurudisha ufunguo wa mlango wa jikoni. Alisema umepotea. Hatukuachana vizuri, kwa sababu mume wangu alikataa kumlipa mshahara wa nusu mwezi akisema ameondoka bila taarifa. La pili ni kwamba mimi ndiye mtunza sanduku wa kikoba chetu cha akina mama 25, na mgao wetu hufanyika mwisho wa Desemba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na wanachama watatu tofauti, lakini sanduku lenyewe liko chini ya kitanda changu, na wote 25 wanajua.

Mume wangu anasema Mungu ndiye mlinzi na kwamba hofu yangu imezidi kiasi. Nami namwamini Mungu, lakini picha ya ile Kirikuu hainitoki. Naomba unishauri: tumwachie kijana nyumba, tuifunge kabisa, au nibaki mimi na wao waende?

Mama wa Wawili, Goba.

*

Marahaba, mwanangu.

Usibaki. Hilo nalitanguliza ili uyasome kwa utulivu yatakayofuata. Mama mkwe wako amekuomba jambo ambalo huenda asiliombe tena, na hakuna televisheni wala pampu inayostahili kuwekwa kwenye mizani pamoja nalo. Nyumba inaweza kuachwa kwa siku 22 na ikakutwa salama, na katika barua yako mwenyewe umeshaeleza namna ya kufanya hivyo, ingawa nadhani hukutambua.

Rudi kwenye ile Kirikuu. Jirani yenu naye alikuwa na ukuta na geti, na mtaa mzima ulikuwa macho, mchana kweupe, kiasi kwamba wezi walisalimiwa. Macho yalikuwepo ya kutosha. Kilichokosekana ni habari, kwa maana hakuna hata mtu mmoja pale mtaani aliyekuwa ameambiwa kwamba familia ile iko Tanga hadi siku fulani na kwamba katika muda huo hakuna kitu kinachotakiwa kutoka getini. Laiti mama wa genge angelijua sentensi hiyo moja, asingewasalimia wale vijana na kuendelea kupanga nyanya; angepiga simu. Watu wengi wanaosafiri huficha safari yao kwa kila mtu, wakiamini kuwa siri ndiyo ulinzi, na matokeo yake ni kwamba mwizi, ambaye kazi yake ni kuchunguza, anajua hawapo, wakati jirani, ambaye hana kazi ya kuchunguza, hajui.

Kwa hiyo chagua watu watatu au wanne wanaoliona geti lako kila siku, uwaambie waziwazi, kila mmoja kwa wakati wake, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, nani atakuwepo, na kwamba hadi tarehe 5 Januari hakuna kitu kitakachotolewa katika nyumba hii, hakuna fundi aliyeitwa na hakuna mzigo uliouzwa. Waachie namba yako na ya mume wako, nawe uchukue zao. Mtu wa kwanza awe mama wa genge, kwa sababu yeye hukaa pale kutwa. Wa pili awe jirani unayepakana naye ukuta. Hapo ningependa umtafute jirani ambaye hasafiri Desemba, kwa kuwa Dar es Salaam mwezi huo huwa na tabia yake: nusu ya mtaa inakwenda Kilimanjaro, na hata duka la Mangi, ambalo mwaka mzima hufunguliwa kabla hamjaamka na kufungwa mkiwa mmelala, hukutwa na kufuli. Jirani Mwislamu ambaye kwao ni Lindi au Pangani, ambaye atakuwa nyumbani wakati wa Krismasi na atasafiri wakati wa Idi, ana thamani kubwa kwako mwaka huu kuliko mlinzi wa kukodi usiyemjua.

Mtu mwingine ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nenda ofisini kwake pamoja na mume wako, msiishie kumpigia simu, mkamwachie karatasi yenye majina yenu, tarehe zenu, namba zenu na jina la kijana atakayekaa. Kama mtaa wenu una kikundi cha ulinzi shirikishi, hakikisheni michango yenu imelipwa na kwamba wanaozunguka usiku wanajua nyumba ipi ni yenu. Mkifika hapo ombeni pia namba ya askari polisi anayehusika na kata yenu. Ziara hii inachukua nusu saa, na najua watu huiona kama urasimu, lakini siku ya shida ndiyo huonyesha tofauti kati ya nyumba inayojulikana na nyumba ambayo viongozi wanaanza kuuliza ni ya nani.

Sasa nije kwa kijana, kwa maana naona hapo ndipo moyo wako ulipo. Msemo wa kikulacho ki nguoni mwako umetuharibia udugu mwingi, na sitaki ukutawale. Hukuandika kwamba kijana ameiba. Uliandika kwamba alileta watu sita msiowajua. Hilo ni kosa la aina nyingine kabisa: yeye si hatari, ila midomo sita iliyoiona sebule yako, ikajua televisheni iko wapi na mlango wa nyuma unafungwaje, inaweza kuifikisha habari hiyo kwa mtu wa saba bila hata kukusudia. Ukilieleza jambo kwa mume wako kwa namna hiyo, hutakuwa umemshutumu mtoto wa kaka yake, na nadhani atakusikia.

Kuna swali moja ambalo sikuliona katika barua yako, nalo linaniuma kidogo. Je, kijana mwenyewe ameulizwa? Naye kwao ni Rombo. Ndugu zake wote watakuwa kule, mbuzi atachinjwa, mbege itanyweka, wakati yeye yuko Goba peke yake akilinda magodoro ya baba yake mdogo. Mlinzi mmemwonea huruma kwa sababu ya watoto wake, na mmefanya vema; basi na huyu aombwe, asiamriwe. Mume wako akae naye, amwambie ukweli kwamba nyumba inamhitaji, amwahidi nauli ya kwenda kumwona bibi yake chuo kitakapofunga tena, na amwachie fedha ya chakula inayotosha ili asilazimike kutafuta njia nyingine. Kijana aliyeheshimiwa hulinda kwa namna ambayo aliyelazimishwa hawezi.

Akikubali, masharti yasemwe na mume wako, wewe ukiwepo, na yawe machache. Alale nyumbani kila usiku. Asimpe mtu ufunguo. Kuhusu marafiki, sishauri mpige marufuku kabisa, kwa sababu mtu wa miaka 22 akiwa peke yake siku 22 atawaita tu, na safari hii atawaita kwa kificho. Mruhusuni rafiki mmoja wa kulala naye, ambaye mume wako atakutana naye kabla ya safari na kuchukua namba yake ya simu. Huyo mmoja anayejulikana ataondoa upweke, na mtakuwa mmempa sababu ya heshima ya kuwakatalia wale wengine. Chumba chenu cha kulala fungeni, na ufunguo mwende nao. Hilo si tusi kwake; linamkinga, kwa sababu kitu kikipotea chumbani hatakuwa mtu wa kuulizwa.

Aje wiki moja kabla. Katika wiki hiyo mzunguke naye kwa mama wa genge, kwa jirani wa ukuta, kwa mwenyekiti, na hata kijiweni kwa bodaboda, ili wote waijue sura yake na yeye azijue zao, maana kijana mgeni anayeonekana ghafla akitoka na kuingia katika nyumba ambayo wenyewe wameondoka anaweza kudhaniwa mwizi, na katika mitaa yetu dhana hiyo inaua. Kuhusu jambo hili nawaomba msikie kwa makini. Mwambieni kijana kwamba akisikia mtu anavunja usiku asitoke nje kupambana. Ajifungie, awashe taa, apige kelele kupitia dirishani, apige simu namba 112 na kumpigia jirani. Mtu akikamatwa, awe mwizi au asiwe mwizi, apelekwe kituoni mzima. Pampu ya maji hununuliwa tena.

Vilevile aonyeshwe funguo za ndani zinakaa wapi. Nyumba yenye nondo kila dirisha inamzuia anayetaka kuingia, na inamzuia vilevile anayetaka kutoka moto unapowaka, kwa hiyo milango isifungwe kamwe kwa kufuli la nje wakati mtu amelala ndani, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iandikwe ukutani karibu na mlango.

Ufunguo wa jikoni uushughulikie kesho, usingoje Desemba. Fundi anaweza kubadilisha silinda peke yake bila kung'oa kitasa kizima, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na usingizi unaoukosa. Usimtangaze yule dada kuwa ndiye tishio, kwa sababu huna ushahidi kwamba ufunguo haukupotea kweli; ufunguo uliopotea ni hatari hata kama aliyeupoteza ni malaika. Lakini ile nusu mwezi mlipeni. Siwaambii mlipe ili mnunue usalama wenu kwake, nawaambia mlipe kwa sababu alizifanyia kazi siku hizo: alifua, alipika, alibeba watoto wenu. Mkiona haya kumtafuta, tumeni fedha hiyo kwa simu pamoja na ujumbe mfupi wa kumtakia heri. Mume wako akisema aliondoka bila taarifa, mwambie kuwa hilo ni jambo la kumwambia mdomoni, na jasho lake ni jambo jingine.

Kikoba nacho kinanitia wasiwasi kuliko televisheni, kwa kuwa fedha ile si yako. Zile kufuli tatu zilibuniwa kwa busara: hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua sanduku peke yake. Hata hivyo zinamzuia mwanachama asiye mwaminifu, hazimzuii mtu anayelibeba sanduku zima akaenda kulivunjia porini. Tena mwisho wa mwaka ndipo sanduku linapokuwa zito kuliko wakati wowote, na watu 25, pamoja na waume zao na dada zao, wanajua lilipo. Itisha kikao kabla ya tarehe 14. Pendekeza mgao ufanyike mapema, kabla hujasafiri, na kama wanachama hawatakubali, basi fedha zipelekwe kwenye akaunti ya kikundi benki au ya simu yenye watia saini zaidi ya mmoja, na iandikwe katika kitabu cha kikundi kwamba sanduku limetoka kwako likiwa na kiasi fulani, mbele ya wenye funguo wote watatu. Usimkabidhi mwanachama mwingine kimya kimya, hata kama ni rafiki yako wa moyoni. Wala kijana asiachwe nyumba moja na sanduku hilo hata usiku mmoja.

Mlinzi aende Singida, na mlipeni kabla hajaondoka. Ila pengo lake lisizibwe kwa binamu yake anayeletwa siku ya mwisho. Nyumba tatu zikae pamoja sasa, zikubaliane kuhusu mbadala, na mtu huyo apelekwe na mlinzi wenu mwenyewe ofisi ya serikali ya mtaa akiwa na kitambulisho chake. Ikishindikana kumpata mtu wa kuaminika, afadhali mkiongezee kikundi cha ulinzi shirikishi kitu kidogo ili wapite kwenu mara nyingi zaidi, kuliko kumweka getini mtu ambaye hakuna anayemjua kwao.

Nyumba yenyewe inahitaji nusu siku ya macho makali. Mwambie mume wako asimame nje, kwenye uchochoro, aitazame kama mtu anayetafuta njia. Nyumba inayojengwa kidogo kidogo huwa na mabaki: matofali yaliyopangwa karibu na ukuta, ngazi ya fundi, kipande cha nondo, nyundo, shoka, na jeki iliyosahaulika karibu na banda. Mara nyingi mwizi haji na zana, anazikuta. Vyote hivyo viingizwe ndani na kufungiwa, hasa ngazi, kwa sababu njia ya bati na dari haihitaji kuvunja mlango wowote. Mlango wa jikoni uangaliwe zaidi ya ule wa sebuleni. Wenye nyumba wengi huweka mlango wa mninga mbele kwa ajili ya wageni, na nyuma wakaweka mbao nyepesi ambayo fremu yake inatikisika ukiisukuma kwa bega. Skrubu za kile chuma kinachoshika kufuli zisionekane kwa nje, na kama zinaonekana, fundi wa kuchomelea azifunge.

Geti msilifunge kwa kufuli linaloning'inia nje. Kufuli la nje ni tangazo. Kama geti lenu lina lile tundu la kupitisha mkono, kijana alifunge kwa ndani wakati wote, hata anapotoka kwenda chuoni, ili anayepita asiweze kujua kama kuna mtu. Ufunguo wa akiba usifichwe popote nje. Mwaka 1998 nilikwenda msibani Lushoto kwa siku nne nikiwa nimeacha ufunguo chini ya chungu cha maua, nikiamini kuwa ni mimi tu niliyewahi kufikiria chungu cha maua. Niliporudi mlango ulikuwa mzima na kitasa kilikuwa kizima, na nyumba ilikuwa tupu. Tangu hapo ufunguo wangu wa akiba unakaa mikononi mwa mtu.

Desemba ni mwezi wa vuli kwetu Pwani, na mvua husema mengi. Nyasi zinaota hadi magotini ndani ya wiki tatu, majani ya mwembe yanalala uwanjani bila alama za ufagio, na nguo iliyosahauliwa kambani inanyeshewa na kukauka na kunyeshewa tena. Mtu asiye na nia njema huyasoma hayo kuliko anavyosoma kufuli. Kwa hiyo kazi ya kijana ambayo mtaisisitiza kuliko zote ni ndogo: afagie uwanja kila asubuhi, hata kama hakuna mtoto aliyeuchafua. Nyasi zikatwe siku mbili kabla ya safari, na mitaro izibuliwe ili maji yasiingie ndani.

Usiku, taa mbili za nje ziwake, na asubuhi zizimwe, kwa sababu taa inayowaka saa 6 mchana inasema hakuna mtu. Kama mume wako anaona ni kupoteza umeme, mpigie hesabu hii: balbu mbili za LED za wati 9 kila moja, zikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku kwa usiku 22, hazifikishi hata uniti 5. Nunueni LUKU ya kutosha kabla ya kuondoka. Zikipungua mnaweza kununua mkiwa Rombo na kumtumia kijana zile tarakimu 20 aziingize. Friji kubwa litoeni vyakula, mlizime na kuacha mlango wake wazi kidogo, na vali ya maji yanayopanda kwenye tangi kijana aifungue anapohitaji tu, maana tangi linalofurika kwa siku mbili huita watu wasiotakiwa, mbali na bili yake.

Kabla hamjaondoka piga picha kila kifaa cha thamani pamoja na namba yake iliyoandikwa nyuma, na risiti kama unazo, ukazihifadhi katika barua pepe yako. Polisi wanapofungua jalada na kukupa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, maneno "televisheni nyeusi, inchi 43" hayasaidii kitu, lakini namba ya kifaa inaweza kukirudisha kikikutwa kwa muuza mitumba. Hati ya kiwanja na vyeti vyenu visikae kabatini. Vipelekeni kwa ndugu mnayemwamini hapa mjini ambaye hasafiri, vikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Mkiwa na bima ya vitu vya nyumbani, ulizeni kampuni kabla ya safari kama kuna kipengele kuhusu nyumba ambayo mwenyewe hayupo kwa siku nyingi, kwa sababu vipengele kama hivyo huwepo, na watu huvijua siku ya kudai.

Usiku wa kuamkia safari pakieni gari ndani ya geti, msipakie barabarani. Watoto wasitangaze shuleni. Wewe mwenyewe usiweke stetasi ya WhatsApp yenye Mlima Kilimanjaro nyuma na watoto mbele mpaka mtakaporudi, na uwaombe mashemeji zako wasikuweke kwenye za kwao. Najua ni vigumu, kwa sababu furaha inataka kuonwa, lakini picha hazichachi, na tarehe 6 Januari zitakuwa nzuri vilevile. Katika jumuiya mnaweza kuombewa safari njema bila kutaja mtakaa siku ngapi.

Mume wako ana haki kusema Mungu ndiye mlinzi. Mwambie kwamba hujampinga, na kwamba jirani aliyepewa namba ya simu ni mmoja wa wale ambao Mungu huwatumia. Kisha ukishafika Rombo, mpigie kijana mara moja kwa siku, saa ile ile, ukimuuliza amekula nini kabla hujamuuliza habari za geti. Zaidi ya hapo iache nyumba ipumzike, nawe ukae na mama mkwe.

Siku ya kurudi, simameni nje kidogo kabla ya kuingia. Mkikuta mlango umevunjwa msiingie wala msipange chochote, piteni kwanza polisi. Mkikuta salama, kama ninavyotarajia, usianze na kufua. Teremsha ndizi na parachichi, mpelekee mama wa genge fungu lake, mpe kijana nauli yake mkononi, kisha ubishe hodi kwa jirani wa ukuta na mzigo wake kichwani, na kabla hujaaga umuulize mwaka huu Idi anasafiri tarehe ngapi.